CT ya moyo wa mtoto ni ramani ya mpasuaji

Tangu Septemba 2021, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipoidhinisha mashine ya kwanza ya CT (kipimo cha eksrei kinachochora sehemu za ndani za mwili) inayohesabu fotoni, yaani chembe za mionzi hiyo moja moja, mazungumzo kuhusu uchunguzi wa moyo wa watoto yamekuwa ya kambi mbili zisizosikilizana. Kambi ya kwanza inasema teknolojia imefika mahali ambapo hitilafu yoyote ya moyo ya kuzaliwa huonekana ndani ya sekunde moja, kwa hiyo hakuna haja ya kuendelea kumhangaisha mtoto kwa vipimo vingine. Kambi ya pili ilipata nguvu mpya Novemba 2023, baada ya kuchapishwa kwa utafiti mkubwa wa Ulaya kuhusu CT za utotoni na saratani za damu, nayo inasema mtoto asiguswe na mionzi hiyo mpaka njia nyingine zote zishindikane. Mzazi ambaye mwanawe ameandikiwa kipimo hicho huzisikia kambi zote mbili kwa wakati mmoja, akabaki hajui ashike lipi. Kwa maoni yangu, kambi hizi, pamoja na kupingana kwake, zina kosa moja linalofanana: zote zinaichukulia CT kama chombo cha kugundua ugonjwa. Kwa hitilafu za moyo za kuzaliwa, CT hufanya kazi yake kubwa ugonjwa ukiwa umeshajulikana, pale timu ya matibabu inapotaka kujua kwa usahihi mshipa upi unapita wapi kabla ya kisu au katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni) kuingia. Ni ramani ya mpasuaji, na kama ramani yoyote, faida yake hutegemea safari iliyopangwa. Swali la kuuliza kabla ya kipimo ni moja: ni uamuzi gani wa matibabu unaosubiri picha hii?

Hitilafu za moyo humpata takriban mtoto mmoja kati ya kila watoto 100 wanaozaliwa hai. Nyingi ni ndogo, na baadhi, hasa matundu madogo kati ya ventrikali mbili (vyumba vya moyo vinavyosukuma damu), hujiziba yenyewe bila tiba yoyote. Zile nzito hugunduliwa kwa njia ambazo CT haina nafasi ndani yake: ultrasaundi ya ujauzito kati ya wiki ya 18 na ya 22, kifaa kidogo cha kupima oksijeni ya damu kinachofungwa mkononi na mguuni mwa mtoto mchanga, stethoskopu ya daktari makini, na hatimaye ultrasaundi ya moyo ambayo wengi wetu tunaiita eko. Eko ndiyo msingi wa fani yote hii. Haina mionzi, hufanyika kando ya kitanda, hurudiwa mara nyingi inavyohitajika, na huonyesha moyo ukiwa kazini: vali zikifunguka na kufunga, damu ikienda mbele au ikirudi nyuma, na kasi yake, ambayo kwayo daktari hukadiria shinikizo ndani ya vyumba vya moyo. Kinachoishinda eko ni hewa na mfupa. Mawimbi ya sauti hayapiti vizuri kwenye pafu lililojaa hewa wala kwenye mfupa wa kifua, kwa hiyo sehemu za mbali za ateri za mapafu, baadhi ya vena za mapafu, upinde wa aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni) na njia za hewa zilizo jirani na mishipa hubaki gizani au huonekana nusunusu. Kadiri mtoto anavyokua, na kadiri makovu ya upasuaji yanavyoongezeka kifuani, ndivyo madirisha ya eko yanavyozidi kufinyika.

CT ilichelewa kufika kwenye moyo kwa sababu inayoeleweka. Mgonjwa wa kwanza alichunguzwa mwaka 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, na kiungo kilichopigwa picha kilikuwa kichwa, ambacho hutulia. Moyo hautulii. Mtoto mchanga ambaye moyo wake unadunda mara 150 kwa dakika ana milisekunde 400 tu kati ya pigo moja na jingine, na ndani ya muda huo kuta za moyo husogea karibu wakati wote. Ndiyo maana ilibidi kusubiri mashine za safu 64 za vipokezi, zilizoenea baada ya 2004, na zile zenye vyanzo viwili vya mionzi zilizofuata muda mfupi baadaye, ili picha moja iweze kunaswa ndani ya milisekunde 75 au pungufu. Mashine za kuhesabu fotoni zimesogeza mpaka huo tena: hutofautisha vitu vilivyoachana kwa takriban milimita 0.2, ilhali zile za kawaida huishia kwenye nusu milimita hivi. Kwa mtu mzima tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo. Kwa mtoto mchanga, ambaye mishipa yake ya koronari (inayoulisha moyo wenyewe damu) ina upana wa milimita moja au zaidi kidogo, ndiyo inayoamua kama mshipa utaonekana au hautaonekana.

Ili kuelewa kwa nini naiita ramani, tuchukue tetralojia ya Fallot, hitilafu ambayo eko huitambua bila shida: tundu kati ya ventrikali, njia nyembamba ya damu kuelekea mapafuni, aota iliyokaa juu ya tundu, na ventrikali ya kulia iliyonenepa. Upasuaji wake mara nyingi humlazimu mpasuaji kupasua njia ya kutolea damu ya ventrikali ya kulia na kuipanua kwa kiraka. Sasa, kwa wagonjwa wachache, kama 5 kati ya 100, tawi kubwa la koronari linalolisha mbele ya moyo hutokea upande wa kulia badala ya kushoto, nalo hupita moja kwa moja juu ya mahali hapo panapotakiwa kupasuliwa. Mpasuaji asiyejua anaweza kulikata, na sehemu kubwa ya ventrikali ya kushoto ikakosa damu mezani pale pale. Ndani ya kifua mshipa huo unaweza kufichwa na mafuta au na makovu ya operesheni ya awali, hivyo si haki kumwambia mpasuaji kwamba atauona akifika. CT nzuri humwonyesha mapema, na mpango wa upasuaji hubadilika: kiraka huwekwa mahali pengine, au bomba la bandia huunganishwa kutoka ventrikali hadi ateri ya mapafu. Ugonjwa ni ule ule na jina lake ni lile lile, lakini operesheni imekuwa nyingine.

Mifano ya aina hiyo ni mingi. Ateri ya mapafu ikiwa haikuumbika kabisa, damu hufika mapafuni kupitia mishipa ya ziada inayochipuka kwenye aota, kila mgonjwa kwa mpangilio wake, na mpasuaji anayetaka kuikusanya na kuiunganisha upya hawezi kuanza kabla hajajua idadi yake, inakotoka na sehemu ya pafu ambayo kila mmoja unailisha. Mtoto anayekoroma na kupumua kwa taabu tangu kuzaliwa anaweza kuwa na aota yenye pinde mbili zilizozunguka trakea na umio kama pete, na hapo CT humshinda mpinzani wake yeyote, kwa kuwa huonyesha mshipa unaobana na njia ya hewa inayobanwa katika picha moja. Kwa watoto ambao viungo vyao vimepangwa kinyume au vimechanganyika, picha hiyo hiyo hueleza ini liko upande gani, kama wengu upo, na vena kubwa za mwili zinaingia wapi. Data za picha hizo sasa hutumika kuchapisha moyo wa plastiki wenye ukubwa halisi, ambao mpasuaji huushika mkononi na kuupasua siku kadhaa kabla ya kumgusa mtoto.

Nianze na hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ile inayosema kwamba kwa uwezo huu CT iwe kipimo cha kwanza kwa kila mtoto anayeshukiwa kuwa na tatizo la moyo. Ina mvuto, kwa sababu picha zake za rangi, zenye umbo kamili la moyo, humridhisha hata asiye daktari. Lakini inasahau kwamba hitilafu ya moyo ni tatizo la umbo na pia ni tatizo la mwendo wa damu. CT haipimi shinikizo. Haisemi oksijeni ni kiasi gani katika chumba hiki au kile. Haionyeshi vizuri ngozi nyembamba za vali, na tundu dogo ndani ya msuli linaweza kuipita. Mtoto mwenye tundu kati ya ventrikali huendeshwa kimatibabu na maswali ya mwendo: damu kiasi gani inavuka, shinikizo la mapafu limepanda kiasi gani, moyo unachoka au unahimili. Eko hujibu mengi ya hayo kwa dakika chache, na yanayobaki hujibiwa na katheta. Kumpiga mtoto huyo CT ni kumpa mionzi ili kuthibitisha jambo lililokwisha kujulikana, huku swali lililomleta hospitali likibaki pale pale.

Tena picha safi inaweza kudanganya. Kwa wagonjwa wa ventrikali moja (yaani wenye ventrikali moja tu inayofanya kazi) waliofanyiwa upasuaji wa Fontan, damu ya mwili huingia mapafuni moja kwa moja bila kupitia ventrikali. Dawa ya kontrasti, inayoifanya damu ing'ae kwenye picha, ikidungwa mkononi hushuka na damu ya sehemu ya juu ya mwili, wakati damu itokayo miguuni hufika bila dawa, na mahali zinapokutana sehemu isiyo na dawa huonekana nyeusi kabisa kama bonge la damu iliyoganda. Msomaji wa picha asiyeujua mzunguko huo anaweza kuandika ripoti ya damu kuganda na mgonjwa akaanzishiwa tiba isiyomhusu. Anayeujua hupanga mapema picha za kuchelewa, au hudunga dawa mkononi na mguuni kwa pamoja. Mashine ni ile ile katika hali zote mbili.

Hoja ya mionzi ni nzito zaidi na inastahili kujibiwa kwa heshima. Utafiti wa 2023 ulifuatilia watu karibu 950,000 kutoka nchi tisa za Ulaya waliopigwa CT kabla ya kufikisha miaka 22, na ulionyesha bila utata kwamba hatari ya saratani za damu hupanda kadiri dozi inavyopanda. Watafiti walikadiria kwamba kati ya kila watoto 10,000 wanaopigwa CT leo, kwa dozi ya wastani ya miligrei 8 (kizio cha mionzi inayofyonzwa na mwili), mmoja au wawili watapata saratani ya damu kwa sababu ya mionzi hiyo katika miaka 12 inayofuata. Anayesema idadi hiyo si kitu hajawahi kujiweka mahali pa mzazi wa mmoja kati ya hao wawili. Mtoto wa moyo, zaidi ya hayo, ana sababu ya pekee ya kulindwa: matibabu ya ventrikali moja, kwa mfano, hupitia operesheni tatu katika miaka ya mwanzo, na kila hatua huja na picha zake, kwa hiyo dozi ndogondogo hujumlishwa.

Hata hivyo, idadi ile ile ikisomwa kikamilifu haifikishi kwenye marufuku. Utafiti huo unahusu CT za viungo vyote na za miongo kadhaa, nyingi zikiwa za enzi ambayo mtoto alipigwa kwa mipangilio ya mtu mzima. CT ya moyo wa mtoto mdogo katika mashine ya kisasa, umeme ukishushwa hadi kilovolti 70 au 80 na mionzi ikiwashwa kwa sehemu tu ya pigo la moyo, inaweza kufanyika kwa dozi iliyo chini ya milisivati 1 (kizio cha athari ya mionzi kwa mwili mzima), wakati mionzi ya asili inayotupata sote kutoka ardhini na angani ni wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka. Na upande wa pili wa mizani haujawahi kuwa mtupu. Mbadala wa CT kwa mtoto mdogo mara nyingi ni katheta, yenye mionzi yake na hatari ya kuumiza mshipa, au MRI (kipimo cha sumaku), inayopima mtiririko wa damu vizuri kuliko chombo kingine chochote lakini huchukua nusu saa hadi saa nzima na kwa kawaida huhitaji mtoto wa umri huo alazwe kwa dawa ya usingizi. Kumlaza mtoto ambaye oksijeni yake iko chini na moyo wake unategemea mizani nyembamba ya shinikizo ni hatari ya leo hii, si ya miaka 12 ijayo. Mbadala mwingine ni mpasuaji kuingia bila ramani. Mwenye kuhesabu hatari ya CT peke yake, bila kuweka hizi pembeni yake, hajakamilisha hesabu.

Ningependa hofu hiyo ya wazazi ielekezwe mahali inapoweza kuleta faida, yaani kwenye maandalizi ya kipimo, maana hapo ndipo ubora na usalama huamuliwa. Mtoto wa kilo 3 hupewa dawa ya kontrasti kama mililita 6, si zaidi ya kijiko kidogo na robo, na akiba ya kurudia haipo. Mashine ikiwashwa sekunde mbili kabla au baada ya wakati wake, chumba kinachotafutwa kitakuwa hakijajaa au kitakuwa kimekwisha kumwaga, na mtoto atakuwa amepata mionzi bila jibu. Mahali pa kuweka kanula (mrija mdogo wa kudungia dawa) nako kuna maana yake. Ikiwekwa mkono wa kushoto, dawa nzito hupita kwenye vena inayokatiza mbele ya upinde wa aota, na mng'ao wake huchora michirizi inayoweza kuficha sehemu yenyewe iliyotakiwa kuonekana. Kwa swali la aota, mkono wa kulia au mguu ni salama zaidi. Kisha kuna kiputo cha hewa. Kwa mtu wa kawaida kiputo kidogo kilichoponyoka kwenye mrija huishia mapafuni na kuyeyuka. Kwa mtoto ambaye damu yake huvuka kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto, kiputo hicho kinaweza kwenda moja kwa moja kwenye ubongo, na hivyo muuguzi anayeinua mrija kwenye mwanga na kuugonga kwa kidole mpaka hewa yote itoke anafanya kazi muhimu kama ya daktari atakayesoma picha. Dawa yenyewe ina iodini, na tangu 2022 mamlaka ya Marekani imependekeza tezi ya shingo ya watoto wa hadi miaka mitatu ifuatiliwe ndani ya wiki tatu baada ya kuipokea. Jambo hilo hukumbukwa kwa nadra katika mijadala iliyojaa neno mionzi, ingawa kwa mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati lina uzito wake.

Kuna wanaotumaini kwamba programu za akili bandia zitaondoa tatizo la usomaji. Zitasaidia kupima ukubwa wa vyumba na kusafisha picha za dozi ndogo, na tayari zinafanya hivyo. Lakini programu hujifunza kutokana na mifano mingi inayofanana, na hitilafu nzito za moyo ni chache na hazifanani, hasa baada ya operesheni mbili tatu. Sioni programu ikichukua nafasi ya kikao ambacho daktari wa moyo wa watoto, mtaalamu wa radiolojia na mpasuaji hukaa mbele ya picha moja na kubishana.

Hoja hii inawagusa watu wazima pia. Upasuaji umefaulu kiasi kwamba katika nchi tajiri watu wazima wanaoishi na hitilafu za moyo za kuzaliwa sasa ni wengi kuliko watoto, na wao ndio watakaotumia CT zaidi katika miaka ijayo. Wengi wana kidhibiti cha mapigo ya moyo ambacho huifanya MRI kuwa ngumu au kuiharibu picha yake. Kabla ya kufunguliwa kifua kwa mara ya tatu au ya nne, CT huonyesha kama aota au bomba la bandia limegandamana na mfupa wa kifua, jambo linalomfanya mpasuaji aandae mashine ya moyo na mapafu kupitia mishipa ya paja kabla hajashika msumeno. Na tangu Philipp Bonhoeffer alipochapisha mwaka 2000 taarifa ya kuweka vali ya mapafu kwa katheta bila kupasua kifua, wagonjwa wengi wameepuka operesheni nyingine, mradi picha za awali zithibitishe kwamba njia ina ukubwa unaofaa na kwamba vali ikitanuliwa haitabana koronari iliyo jirani.

Ikiwa CT ni ramani, basi fomu ya kuiomba isikubaliwe ikiwa imeandikwa "hitilafu ya moyo" na basi. Iandikwe operesheni inayofikiriwa, zilizokwisha kufanyika na tarehe zake, mishipa inayotafutwa, na kipimo kilichoshindwa kuijibu. Mtaalamu wa picha apewe haki ya kuirudisha fomu isiyo na swali, na daktari aliyeituma asione kwamba amedharauliwa. Hospitali inayonunua mashine mpya itenge muda na fedha za kumfundisha anayedunga dawa na anayesoma picha, kwani mashine ya zamani ya safu 64 mikononi mwa timu inayojua mzunguko wa Fontan itamfaa mtoto kuliko mashine ya kuhesabu fotoni mikononi mwa timu isiyoujua. Picha zenyewe, si ripoti ya karatasi peke yake, zimfuate mgonjwa anapohamishwa, kwa kuwa ripoti inayosema "aota ni ya kawaida" haimsaidii mpasuaji anayetaka kupima umbali kati ya mshipa na mfupa, na mtoto huishia kupigwa upya kwa jambo lililokuwa limekwisha kupigwa. Dozi ya kila kipimo iandikwe kwenye jalada lake tangu cha kwanza, ili atakapofika miaka 30 akiwa na vali ya mapafu inayovuja na kidhibiti cha mapigo kifuani, daktari atakayempanga kwa vali mpya ajue ameshapokea kiasi gani na ni picha zipi za nyuma anazoweza kuzifungua kabla ya kuomba nyingine.